Uchungu Una Ladha

Mhadhara kwa wakazi wa Kamanga, ng'ambo ya mji wa Mwanza, kuhusu chakula, maigizo shirikishi na mambo yasiyosemeka



Nimeombwa nizungumzie sanaa na afya ya moyo. Naomba nianze na neno moja tu, neno ambalo kila aliyeketi hapa analitumia tangu utotoni. Neno hilo ni uchungu. Mwarobaini una uchungu. Mama anayejifungua ana uchungu. Mfiwa ana uchungu. Na mtu anayeipenda nchi yake akaiona inaharibiwa, tunasema ana uchungu nayo. Waliotuachia lugha hii waliupa ulimi na moyo neno moja, wakaona linatosha.

Wala si neno hilo peke yake. Maziwa yakikaa huchacha, na ugomvi ukikaa huchacha. Aliyevumilia tusi amelimeza. Aliyepata hasara ameila. Aliyeishi miaka mingi amekula chumvi nyingi. Na yule aliyeyaweka moyoni kwa muda mrefu, siku akiyasema yote tunasema ametapika nyongo. Kiswahili kimekwisha kutuambia kwamba yaliyo moyoni na yaliyo mdomoni hupita njia moja.

Hoja yangu leo ni hii: mtu mwenye jambo zito moyoni si lazima aulizwe. Mpe kazi ya mkono, mpe mtu wa kubuni wa kusemea, na mpe watu watakaokula naye baadaye. Jungu na igizo, vikikutanishwa kwa uangalifu, hufungua midomo ambayo maswali yetu yamekuwa yakiifunga.

Sahani husema kabla ya mdomo

Tazameni nyumbani kwenu. Mtoto aliyeonewa hasemi, anasusa. Mume aliyekasirika husukuma sahani, akasema ameshiba. Mke aliyeumizwa anapika kama kawaida, anapakua, kisha anakaa jikoni mpaka wote wamalize. Hakuna aliyetamka neno, na nyumba nzima imeshajua. Msibani hali kadhalika: mfiwa hapiki. Jirani huwasha moto, huleta unga, huleta maji. Kabla hajasema pole, mikono yake imeshaisema. Na mfiwa anapokubali kumeza tonge la kwanza, waliomzunguka hupumua, maana wanajua amekubali kuendelea kuishi.

Ziwa letu lenyewe limewahi kutufundisha jambo hili, na kwa namna ya kutisha. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, Mto Kagera ulibeba miili ya waliouawa mpaka Ziwa Victoria. Upande wa Uganda, huko Kasensero, Lambu na Ggolo, yapo makaburi yao mpaka leo. Mwambaoni watu wengi waliacha kula samaki. Wapo waliosema wanaogopa maradhi, na hofu hiyo ilikuwa na msingi wake. Lakini ndani ya hofu hiyo kulikuwa na kitu kingine ambacho hakikupata jina: watu hawakuweza kuketi mezani na kula kana kwamba maji hayakubeba kitu.

Miaka miwili baadaye, asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ikapinduka ikiwa imebakiza safari fupi tu kuingia Mwanza. Meli ile ilisajiliwa kubeba abiria 430, na siku ile ilikuwa imejaza kupita kiasi. Mamia walikufa. Wengi walizikwa Igoma, na wengine hawakupatikana. Kisha tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka karibu na gati la Ukara, na watu 228 wakapoteza maisha. Sisi ni watu wa kuvuka. Hakuna ukoo mwambaoni hapa usio na mtu aliyewahi kusubiriwa gatini.

Baada ya misiba hiyo tulihesabu miili, tukaunda tume, tukajenga minara. Hayo yote yalistahili. Lakini walio hai walirudi majumbani na kitu ambacho hakuna tume iliyowauliza habari zake. Mmoja wao alikuwa mama yangu.

Mama yangu alimpoteza kaka yake katika MV Bukoba. Sikuwahi kumwona akilia baada ya matanga. Aliendelea kutupikia samaki, sato wa mchuzi na dagaa wa kukaanga, kama alivyopika siku zote, ila yeye mwenyewe hakula. Akijipakulia ugali wake na mlenda, alikuwa akisema, "Tumbo langu halipatani na samaki." Tukamwamini. Tukakua, tukaoa, tukaolewa, na wakwe wote wakaambiwa: mama mpikieni mlenda, tumbo lake halipatani na samaki. Sikuwahi kujiuliza tumbo hilo liligombana na samaki mwaka gani. Nitarudi kwa mama yangu.

Ngoma iliyomwachia mtazamaji uamuzi

Wapo watakaosema kwamba igizo ambalo mtazamaji anaingia ndani yake ni jambo la wageni. Naomba tukumbushane. Wasukuma wana Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana baada ya mavuno. Makundi hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na watazamaji huenda wanakovutwa. Walikojazana ndiko kwenye ushindi. Mtazamaji ndiye mwamuzi, na kila hatua anayopiga kutoka upande huu kwenda ule ni hukumu. Nenda Bujora, kule Kisesa, wakati wa sherehe za Bulabo, uone jambo hilo likiendelea. Tena tuna wigashe, ngoma ya kuketi, ambamo watu hukaa chini wakaimba habari za kijiji, za mapenzi, za njaa na za viongozi. Mwimbaji husema kwa wimbo yale ambayo akiyasema kwa maneno matupu yangemletea ugomvi.

Mwaka 1982 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuja mkoani kwetu, kijiji cha Malya, Kwimba. Walikuwa Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi. Hawakuja na tamthilia mkobani. Waliishi na wanakijiji, wakawasikiliza, wakajadiliana nao kuhusu shida za vijana wa pale, kisha wanakijiji wenyewe wakazitengenezea maonyesho kwa ngoma na michezo waliyoijua. Baada ya onyesho, watu walikaa wakajadili. Kazi hiyo iliendelea hadi 1983, na mwaka 1991 Mlama akaieleza katika kitabu chake kuhusu sanaa hiyo barani Afrika. Wanaosoma sanaa za maonyesho kwa maendeleo mahali pengi duniani wanasoma habari za Malya. Sisi wa mkoa huu ndio tuliosahau.

Miaka michache kabla ya hapo, upande wa pili wa dunia, alikuwepo mtu wa maigizo, Augusto Boal wa Brazili, aliyezaliwa 1931 na kufariki 2009. Alikamatwa na kuteswa na utawala wa kijeshi wa nchi yake, akaenda uhamishoni. Mwaka 1973 akawa nchini Peru akisaidia mpango wa kufundisha watu wazima kusoma. Huko lilimtokea jambo ambalo amelisimulia mwenyewe. Mwanamke mmoja asiyejua kusoma alikuwa amepewa na mumewe atunze karatasi ambazo mume alidai ni nyaraka muhimu. Jirani alipomsomea, zikawa barua za kimada. Waigizaji wa Boal wakaigiza kisa hicho, wakauliza watazamaji mke afanye nini. Mama mmoja mwenye mwili mkubwa akapendekeza kwamba mke azungumze na mumewe kwa uwazi. Waigizaji wakaigiza mazungumzo. Mama akasema siyo hivyo. Wakajaribu tena, na tena, na kila mara mama yule akazidi kukasirika kwa kuwa hawakumwelewa. Mwisho Boal akamwambia, basi panda wewe utuonyeshe. Mama akapanda, akachukua ufagio, akamcharaza mwigizaji yule barabara. Halafu akaketi mezani, akamwamuru mume huyo aende jikoni akamletee chakula chake.

Boal anasema pale ndipo alipojifunza kwamba mtazamaji akiingia mwenyewe jukwaani huonyesha jambo ambalo hakuna mwigizaji angeweza kulionyesha kwa niaba yake. Mimi ninaona la zaidi. Sifa ya ufagio simpi, kwa kuwa kipigo hakijengi nyumba. Naitazama ile amri ya mwisho. Uchungu wa mama yule ulikuwa na sura ya sahani. Miaka yote yeye ndiye aliyepika na kupeleka. Alipotaka kueleza haki ni nini kwake, hakutoa hotuba, alitaka mtu mwingine ainuke aende jikoni.

Jinsi tunavyofanya hapa

Sasa nieleze kazi yenyewe, kama nilivyoifanya na akina mama wanaoanika dagaa hapa Kamanga, kikundi cha watu wasiozidi 20.

Tunaanza na mafiga, si na viti. Nimewahi kukaa katika mikutano ambamo watu hupangwa duara, mgeni mwenye kalamu akauliza, "Mnajisikiaje?" Kila mtu hutazama miguu yake. Kwetu swali hilo ni kama kumvua mtu nguo sokoni. Lakini mwambie alete chakula kimoja ambacho ana habari nacho, cha furaha au cha huzuni, humchagulii wewe. Mmoja ataleta michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa. Mwingine ataleta matobolwa, ambavyo huchemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa. Mwingine kayabo, samaki wa chumvi aliyekaushwa, mwingine unga wa muhogo, mwingine karanga kwenye kanga.

Kisha kazi inaanza. Huyu anapepeta, huyu anatwanga karanga, huyu anachochea moto. Jambo la ajabu hutokea mikono ikiwa na kazi: macho hayakutani, na mdomo hujisahau. Mama anatazama kinu, siyo watu, na akiwa anatwanga anasema, "Hizi karanga alikuwa anazipenda yule marehemu." Mchi unaendelea. Mwingine, bila kuinua uso, anauliza, "Mdogo au mkubwa?" Tayari wanazungumza, wala hakuna aliyehojiwa.

Chakula kikiwa motoni, tunatengeneza igizo. Hapa kuna sharti moja ambalo halivunjwi: hakuna anayeigiza maisha yake mwenyewe. Yaliyosemwa kinuni yanachanganywa, kama unga wa mtama na wa muhogo, mpaka yawe ya mtu wa kubuni. Tunampa jina ambalo hapa hakuna mwenye nalo. Anakuwa na nyumba, mume, watoto, deni kwa tajiri wa mtumbwi. Aliyeumia anaweza kukaa pembeni akamtazama mtu huyo na kusema, "Mimi nadhani huyo mama anaona hivi." Anajisemea yeye, na hakuna anayejua, na kama wanajua hakuna anayethibitisha. Hicho ndicho kivuli ambacho igizo humpa mtu.

Igizo lenyewe ni fupi, dakika kumi hivi, na linaishia pabaya, pale mambo yanapokwama. Hatulipi suluhisho. Mwezeshaji anauliza tu, "Mmeona nini?" Kisha linarudiwa tangu mwanzo, na mara hii yeyote akiona mahali ambapo angefanya vingine anapaza sauti, "Simama!" Anaingia, anachukua nafasi ya mhusika, anajaribu. Akishindwa, mwingine anaingia. Baada ya hapo tunakula wote, chombo kimoja, yale yaliyoletwa. Kula kunakuja mwisho makusudi. Mtu aliyefunguka moyo mbele za wenzake akaondoka papo hapo, huondoka na aibu. Akila nao, huondoka akiwa mtu wao.

Siku moja nilimwalika mama yangu aje kututazama. Kinuni, mwanamke mmoja kutoka kambi ya jirani alisema kwamba yeye hujipikia mboga za majani, kwa sababu samaki humchafua tumbo tangu mwaka wa meli. Alisema hivyo tu, akaendelea kupepeta. Nikamwona mama yangu ameinua uso.

Akina mama wakatengeneza igizo la mwanamke anayewapakulia watu wote samaki na kuisukuma sahani yake. Mara ya kwanza, mwigizaji wa mume akauliza kwa hasira kwa nini hali. Ikakwama. Mtazamaji mmoja akaingia kama binti, akambembeleza, "Mama, kula kidogo, unakonda." Ikakwama. Mwingine akaingia kama shangazi, akaleta maandiko na mawaidha. Ikakwama vibaya zaidi. Ndipo kijana mmoja, mbeba mizigo wa gatini aliyekuwa amesimama pembeni kwa sababu ya harufu ya chakula, akasema "Simama." Akaingia kama mtoto wa kiume. Hakusema neno. Akaisogeza sahani yake ya samaki kando, akavuta kigoda mpaka karibu na mama, akamega ugali, akachovya kwenye mlenda wa mama, akala. Akamega tena.

Uwanja ulinyamaza. Mwigizaji wa mama alitakiwa ajibu, akashindwa, akajifunika uso kwa kanga. Kisha akasema, taratibu, jina la mtu aliyekufa. Lilikuwa jina la kubuni, lakini wengi pale waliinamisha vichwa, kila mmoja na jina lake.

Jioni ile nyumbani, mama alipopakua, niliomba mlenda. Alinitazama muda mrefu. Tulikula kimya. Tonge la tatu au la nne, akaanza kunisimulia jinsi mjomba wangu alivyokuwa akiogelea utotoni, jinsi alivyokuwa hodari majini kuliko vijana wote, na kwamba hilo ndilo ambalo hakuweza kulielewa miaka yote hii: vipi maji yale yale yakamshinda. Hakuwahi kumwambia mtu. Hakuna aliyemletea mahali pa kuliweka.

Miiko ya kazi hii

Ndugu zangu, chombo chenye nguvu ya kufungua kina nguvu ya kujeruhi. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Naomba niseme miiko, maana nimeona kazi nzuri ikiharibiwa kwa kukosa miiko.

Kwanza, kunyamaza ni haki. Mtu aje, atwange, ale, aende zake bila kusema neno, na akaribishwe tena kesho. Anayelazimisha machozi ili onyesho lipendeze anawaibia waliofiwa.

Pili, igizo lisitumwe. Mara nyingi ujumbe huandikwa mjini, waigizaji wakapewa fulana, wananchi wakaletwa kupiga makofi. Hilo ni tangazo. Lina kazi yake, lakini lisiitwe shirikishi. Walimu wale wa Malya walionyesha zaidi ya miaka 40 iliyopita kwamba wanakijiji wenyewe ndio wenye kuuliza swali, siyo kujibu tu.

Tatu, tujue mwisho wa uwezo wetu. Mtu asiyelala kwa wiki nyingi, anayesema hataki kuishi, anayesikia sauti, huyo asindikizwe hospitali. Bugando iko ng'ambo hapo mjini Mwanza, na wataalamu wa afya ya akili wapo. Anayepigwa nyumbani asindikizwe kwenye dawati la jinsia polisi. Nchini Uganda, wenzetu wa TASO, shirika lililoanzishwa 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake, walituonyesha mfano: wanachama waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI waliimba na kuigiza maisha yao mbele za watu, lakini nyuma ya nyimbo hizo kulikuwa na ushauri nasaha na matibabu. Sanaa ilifungua mlango, na ndani ya nyumba kulikuwa na watu wa kumpokea aliyeingia.

Nne, na hili nalisema kwa akina baba: kazi ya jungu isiachwe kwa wanawake peke yao. Mnasema mwanamume halii. Lakini katika kambi za uvuvi mnapika wenyewe, mnasonga ugali wenu wenyewe, na usiku juu ya maji mkisubiri dagaa wafuate taa mnaambiana mambo ambayo wake zenu hawajawahi kuyasikia. Jiko mnalo tayari. Na kalenda mnayo pia: mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawavuliki vizuri, mitumbwi inapumzika, na vijana wanabaki mwaloni na pombe na karata. Siku hizo chache za kila mwezi ndizo ninazoziomba. Wekeni sufuria moja, kisa kimoja cha kubuni, na mtu mmoja wa kusema "Simama." Mtashangaa ni nani atakayeingia.

Wahenga walituonya kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Walijua pia kwamba mtu hawezi kuyatoa maradhi hadharani kama hana mahali pa kuyaweka. Kazi yetu ni kutengeneza mahali hapo, na vifaa vyake tunavyo: mafiga matatu, kinu, uwanja wa mchanga, na watu wanaojuana.

Mama yangu bado hali samaki. Sikumwomba ale, na sitamwomba. Ila siku hizi nikivuka kwenda kwake, nakuta mlenda umepikwa wa watu wawili, na jina la mjomba linatajwa mezani kama jina la mtu wa nyumbani.

Kuna matobolwa na karanga pale nyuma. Karibuni tule.